Mkono wa Babu Dezső Kwenye Kioo

Kila asubuhi Boróka aliamka ndani ya ukimya. Watoto wengine wa mji wa Szeged, nchini Hungaria, huamshwa na tramu, gari la reli la mjini, linalokata kona, au na mbwa wa jirani, au na mama anayegombana na redio. Yeye aliamshwa na mkono wa mama begani. Alikaa kitandani, akasuka nywele zake mkia mmoja, kisha akachukua kidude chake cha kusikilizia na kukiweka nyuma ya sikio la kushoto. Sumaku ilinata kichwani, na dunia ikaingia: kwanza birika, halafu friji, halafu mama, ambaye tayari alikuwa katikati ya maneno, maana mama yake hakuwa mtu wa kusubiri.

"...na leo Jumatano, ukitoka shule nenda kliniki moja kwa moja. Mimi nikimaliza zamu nitakukuta huko huko. Umesikia?"

Boróka aliitikia kwa kichwa. Kusema kweli alikuwa amesikia "Jumatano" na "kliniki" tu, mengine aliyajaza mwenyewe.

Kuitikia kwa kichwa ilikuwa desturi yake, na ni desturi ya watoto wengi wasiosikia vizuri. Ukimwomba mtu arudie mara ya kwanza, anarudia. Ukimwomba tena, anakunja uso. Ukimwomba mara ya tatu anasema, "Basi, achana nayo," na mtoto asiyesikia anajua kwamba hakuna maneno yanayouma kama hayo. Kwa hiyo anajifunza kusoma nyuso. Anacheka wenzake wanapocheka, anasikitika wanaposikitika, na anaitikia kwa kichwa. Boróka alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtoto yeyote mjini.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka mitano aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio yote mawili yakafa. Madaktari walimpandikizia waya ndani ya sikio, na kwa miaka kadhaa waya huo ulimtumikia vizuri, mpaka ulipochoka. Mwaka uliopita waliutoa na kumwekea mwingine wa aina mpya, na huo mpya ulikuwa kazi ya Babu Dezső.

Siku hiyo shuleni, kipindi cha kwanza kilikuwa cha muziki. Mwalimu Vilma aliwafundisha kama yeye mwenyewe alivyofundishwa, na kama wazazi wao wote walivyofundishwa: kwa mikono. Kila noti ina ishara yake. Do ni ngumi mbele ya tumbo, mi ni kiganja kilicholala mbele ya kifua, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo mkono unavyopanda. Mwalimu aliimba huku mkono wake ukipanda na kushuka, na darasa zima likaimba huku likinyoosha mikono.

Boróka aliimba akiwa amekaza macho kwenye mkono wa mwalimu. Zamani aliweza kuyafumba. Sasa hakuthubutu. Tangu majira ya vuli yaanze, mi na fa zilikuwa zimekuwa kitu kimoja masikioni mwake, na juu kidogo, so na la nazo zilikuwa zimeanza kusogeleana. Ilikuwa kama kupanda ngazi unayoijua, ukakuta mtu ameng'oa vidato.

Zalán, mvulana aliyekaa nyuma yake, alimgusa bega ili ageuke. "Wewe Boróka, wewe huimbi. Unamkodolea mwalimu mikono kama dereva anayemtazama trafiki."

"Na wewe unaimba kama tramu ikifunga breki," Boróka akamjibu, na wenzake wakacheka. Lakini aliharakisha kugeuka mbele, asisomwe uso. Zalán alikuwa ameona, na hakuna aliyewahi kuona.

*

Kliniki ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu, na chumba cha vipimo kilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na maabara. Babu Dezső alimsubiri mlangoni na mfuko wa karatasi uliojaa vijimkate vya chumvi, kama kawaida yake. Hakuwa babu yake wa damu. Alikuwa mhandisi mzee ambaye angepaswa kustaafu zamani, lakini kila walipomuaga kwa keki na maua, wiki iliyofuata alirudi kazini akidai amesahau miwani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umechelewa? Vijimkate vinapoa na mimi nazeeka."

Alikuwa amekonda. Kola ya shati lake ilimzunguka shingoni pasipo kugusa ngozi, na uso wake ulikuwa wa manjano. Boróka alijua kwamba anaumwa. Mama alikuwa amemwambia kwamba ni saratani, ya kongosho, na alikuwa amelisema neno hilo taratibu ili lisirudiwe.

Babu Dezső ndiye aliyemweleza Boróka, tangu siku ya kwanza, kile alichobeba kichwani. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba cha mfupa kilichojiviringa kama gamba la konokono. Waya hupenyezwa humo, na juu ya waya kuna vituo vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi. Kila kituo hugusa sehemu yake ya neva na kuleta sauti yake, vya nje sauti nyembamba, vya ndani sauti nene. Shida ni kwamba chuma ni kigumu na mwili ni laini. Mwili hauupendi ugeni wa namna hiyo, basi unakizungushia kituo kovu, na kovu linazuia umeme. Babu Dezső alitumia miaka mingi akitafuta plastiki laini inayopitisha umeme, ya kukivika chuma ili mwili usikichukie.

"Platini ni chuma cha kifalme," aliwahi kumwambia. "Lakini hata mfalme akilala kwenye kitanda cha mtoto, mtoto hapati usingizi. Mimi nimemshonea mfalme koti la pamba tu."

Ile homa huotesha mfupa ndani ya sikio, nao hujaza nafasi. Kwa hiyo watoto kama Boróka huhitaji waya mfupi, wenye vituo vilivyobanana. Watu wazima wachache walikuwa wamewekewa koti la Babu Dezső kwenye waya mrefu. Kwenye waya mfupi, Boróka alikuwa wa kwanza.

Dada Hajnalka, daktari kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Babu, alimketisha kwenye kiti na kuunganisha kidude chake na kompyuta. Kwanza mashine ilipima yenyewe jinsi umeme unavyopita kwenye kila kituo. Dada Hajnalka akatabasamu.

"Upinzani wa umeme umeshuka tena. Babu, koti lako linazidi kuwa zuri kila mwezi."

Masikio ya Babu Dezső yalipata rangi. Kisha akaenda kusimama nyuma ya Boróka, mbele ya skrini, asimkengeushe. Ikaanza sehemu ambayo mashine haiwezi kuifanya. Dada Hajnalka alikuwa anatuma sauti mbili moja kwa moja kwenye waya, kimya kwa watu wote isipokuwa Boróka, naye alitakiwa kusema ipi ilikuwa juu, ya kwanza au ya pili.

Mbele ya Boróka kulikuwa na dirisha. Wakati wa kiangazi lilionyesha ua na mti wa mlozi. Lakini tangu vuli ianze giza liliingia mapema zaidi kila mwezi, na sasa, Novemba, dirisha lilikuwa limegeuka kioo kabisa. Ndani ya kioo kile alimwona Babu Dezső akiitazama skrini yake, ambako taa ya kila kituo iliwaka sauti ilipofika hapo. Na Babu Dezső alikuwa mtoto wa shule za nchi ile. Taa ilipopanda, mkono wake ulipanda. Iliposhuka, mkono ulishuka. Alikuwa akiimba moyoni, na mkono ulimfuata bila yeye kujua, kama ulivyofundishwa miaka sitini iliyopita.

Sauti mbili zikaja. Boróka alisikia sauti moja, mara mbili. Kwenye kioo mkono ulipanda.

"Ya pili," alisema.

"Vizuri sana. Na hizi?"

Mkono ulishuka. "Ya kwanza."

Hakukosa hata moja. Mwezi alipougundua ule mkono kwa mara ya kwanza alikuwa amejiambia kwamba ni mara hiyo tu, kwa sababu Babu alikuwa ametoka kupata majibu mabaya ya hospitali na uso wake ulikuwa hautazamiki. Mwezi uliofuata ikawa vigumu zaidi kusema, kwa sababu ya ule uliotangulia. Leo ilikuwa mara ya tatu, na uongo ulikuwa umekwisha kuwa na kiti chake pale chumbani kama mgeni wa siku zote.

Babu Dezső alikaa mbele yake na kumshika mikono yote miwili. "Unajua, kesho wananilaza. Watanichungulia tumbo tena, hawachoki kuchungulia. Lakini leo nikifika nyumbani nitakula supu sahani nzima, kwa ajili yako. Mtu akijua kwamba ameacha kitu kizuri nyuma yake, chakula kinapita."

Boróka aliitikia kwa kichwa.

*

Ukumbini alikaa kumsubiri mama. Kwenye benchi kulikuwa na mwanamke mwenye kofia ya sufu na mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akiburuta bata wa mbao kwa kamba. Bata alikuwa na magurudumu yaliyopiga kelele vibaya sana kwenye vigae. Kila mtu ukumbini alikunja uso isipokuwa mwenye bata.

"Anaitwa Marci," mwanamke alisema polepole, akihakikisha Boróka anaona midomo yake. "Alipata homa mwezi wa tisa. Kama wewe. Dada Hajnalka ameniambia habari zako."

"Pole, mama."

"Jumatatu anafanyiwa upasuaji. Watamwekea waya kama wako. Nilikuwa naogopa, wananiambia ni mpya, mpya, na mimi sijui chochote cha mambo haya. Lakini wameniambia wewe hukosi hata moja." Alimtazama Boróka kwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. "Ni kweli, binti? Unasikia vizuri?"

Kichwa cha Boróka kiliitikia chenyewe, kama mkono wa Babu Dezső.

Yule mwanamke alimbusu kwenye paji la uso. Marci alipita na bata wake akicheka, na hakusikia kelele zake mwenyewe.

*

Alhamisi Mwalimu Vilma alisimama mbele ya darasa na kuweka mikono nyuma ya mgongo. "Leo nataka masikio matupu," alisema. "Kila mmoja ataimba peke yake. Mimi nitaimba mstari, wewe utaurudisha."

Ilipofika zamu ya Boróka, mwalimu aliimba mstari mfupi wa wimbo wa watoto wadogo. Boróka aliutazama uso wa mwalimu, lakini uso hauna ngazi. Akaimba. Alijua kwamba amekosea kwa jinsi darasa lilivyotulia. Zalán alianza kucheka, halafu akaacha, na kuacha kwake kulimuumiza Boróka zaidi ya kicheko.

"Si kitu, Boróka," mwalimu alisema. "Umechoka. Kaa, mwanangu."

Hakuwa amechoka. Jioni, mama alipokuwa akipaka mkate mafuta na kukata kitunguu, Boróka alikaa mezani bila kugusa sahani. Mama alilivua koti la kazi ya udereva wa tramu, akalitupa kitini, akamtazama.

"Nani kakufanya nini?"

"Hakuna."

"Boróka. Mimi nabeba abiria mji mzima kila siku. Namjua asiyelipa nauli kwa jinsi anavyopanda. Sema."

Basi akasema. Alianza na mi na fa, akaenda kwenye kioo, akamaliza na Marci. Alipofika kwa Marci alilia mpaka kidude kikachomoka kichwani, na kwa muda akawa analia ndani ya ukimya wake huku mama amemkumbatia. Mama alikirudisha mwenyewe nyuma ya sikio.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Anakufa, Mama. Anakula supu kwa sababu yangu. Nikimwambia nitakuwa nimemuua."

Mama alisogeza sahani ya mkate kando. Akasema, "Kesho nimeomba ruhusa. Twende kwake kwanza. Ni kazi yake, ana haki ya kusikia kabla ya wengine. Lakini Jumatatu haitungojei, na yule mtoto hana mtu mwingine wa kumsemea. Umenisikia?"

"Nimesikia," Boróka alisema. Safari hii alikuwa amesikia.

*

Hospitali walimkuta Babu Dezső amelala upande, mdogo kwenye kitanda kile. Kwenye meza kulikuwa na bakuli la supu ambalo halijaguswa. Alipomwona Boróka alijivuta juu ya mto na kutaka kuchana nywele kwa vidole.

"Mjukuu wangu. Umeniletea vijimkate? Hapa mkate wao haufai hata kulisha bata."

Boróka alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yalikuwa yametoroka. Aliinua mkono wake akauweka mbele ya kifua, kiganja kimelala. Mi. Kisha akauinua kidogo, kidole gumba kikitazama chini. Fa.

"Babu, hizi mbili sizisikii tena. Nasikia moja. Na juu yake pia zinachanganyika. Tangu vuli."

"Lakini Jumatano..."

"Jumatano nilikuona kwenye dirisha. Taa ikipanda, mkono wako unapanda. Nilikuwa nausoma. Hata mwezi uliopita, na ule mwingine. Sikusikia, Babu. Niliona."

Babu Dezső aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya blanketi, wenye bomba la dawa limebandikwa. Aliutazama muda mrefu. Boróka alingoja agombezwe, na angeshukuru kama angegombezwa. Badala yake mzee alianza kulia, bila sauti, machozi yakimtelemkia masikioni kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimelala nyuma juu ya mto. Mama alimsogelea na kumfuta kwa leso yake kama anavyofutwa mtoto.

"Na upinzani unashuka," alisema hatimaye, kwa sauti ya kikohozi. "Kila mwezi unashuka, na sisi tunapiga makofi. Umeme unapita kwa urahisi mno. Unapita kwa jirani. Koti limevimba, mjukuu wangu. Makoti mawili yamegusana, na vituo viwili vimekuwa kimoja. Miaka yote nilitafuta namba ishuke, na iliposhuka sikuiuliza inakwenda wapi."

"Nisamehe, Babu."

"Njoo hapa." Boróka akaenda, na mzee akamshika kidole, maana mkono mzima ulimshinda. "Kwa nini ulifanya?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi. Sikatai. Supu ile ya Jumatano ilikuwa tamu." Alipumzika kidogo. "Lakini sikiliza, na usiitikie kwa kichwa mpaka umeelewa. Mimi nilikuomba sikio lako, wewe ukanipa huruma yako. Huruma ni kitu kizuri. Ila siwezi kuivika waya na kuitia kwenye kichwa cha mtoto mwingine. Mashine yangu inajua umeme. Haijui kama mtu anasikia. Pale mwisho wa kazi yote, mhandisi hana chombo kingine ila mtu mmoja mkweli aliyekaa kwenye kiti. Umeelewa?"

Boróka alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Nimeelewa."

"Basi mama, nipe simu. Nimpigie Hajnalka kabla hajaanza kupanga vifaa vya Jumatatu."

*

Jumamosi Dada Hajnalka aliziba dirisha kwa blanketi na kumpima Boróka upya. Safari hii Boróka alisema "sijui" mara nyingi kuliko alivyosema jambo jingine lolote. Baada ya hapo daktari alichukua kutoka maabara waya mwingine mfupi, ndugu wa ule uliomo kichwani mwa Boróka, uliokuwa ukiloweshwa katika maji ya chumvi yenye joto la mwili na kupitishwa umeme mchana na usiku. Akauweka chini ya hadubini. Alimwita Boróka aangalie. Plastiki nyeusi ilikuwa imetambaa kutoka kituo kimoja hadi cha pili, ukingo kwa ukingo, kama unga uliozidi kuumuka na kumwagika nje ya bakuli.

Marci alifanyiwa upasuaji Jumatatu ile ile, kwa sababu mfupa ungemjaza sikio kama angesubiri. Lakini aliwekewa waya wa zamani, wa chuma kitupu. Si waya mzuri kama ule alioahidiwa mama yake, na siku moja utazungukwa na kovu. Ila kila kituo chake ni kituo kimoja. Mama yake alipopewa sababu, hakumbusu Boróka tena. Alimtazama tu, akavuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi, akampakata mtoto wake. Boróka aliona kwamba alistahili mtazamo ule, na ulimkaa moyoni muda mrefu.

Babu Dezső hakurudi kazini kudai miwani. Alifariki wiki moja kabla ya Krismasi, nyumba zote zilipokuwa tayari zimenunua samaki wa supu ya sikukuu. Katika siku zake za mwisho alikuwa akimwelekeza Dada Hajnalka jinsi ya kuweka vijikuta vyembamba kati ya kituo na kituo, ili koti likivimba lisimfikie jirani. Alichora kwenye mkono wake mwenyewe kwa kalamu ya nesi, kwa kuwa karatasi zilikuwa mbali.

Walimzika ardhi ikiwa ngumu kwa baridi. Kengele za kanisa zililia, na Boróka akamvuta mama mkono.

"Zinalia kengele ngapi?"

"Mbili, mwanangu. Kubwa na ndogo."

"Mimi nasikia moja."

Mama hakusema "si kitu", wala hakusema "utasikia kesho". Alimshika tu kwa nguvu zaidi, na wakasimama hivyo mpaka udongo ulipokwisha.

*

Baada ya zaidi ya mwaka mmoja, Dada Hajnalka alimwita Boróka kwenye chumba cha vipimo. Vituo viwili vya waya wake vilikuwa vimezimwa ili vilivyobaki visikike safi, na alikuwa amezoea kuishi na ngazi yenye mapengo. Nyaya mpya zenye vijikuta bado zilikuwa zikiloa kwenye maji ya chumvi. Dada Hajnalka hakuwa na haraka nazo. Mlangoni alikuwa amebandika amri moja kwa herufi kubwa: MIKONO MFUKONI. Wageni walidhani ni mzaha.

Kwenye kiti alikaa Marci, miguu ikining'inia, bata wake chini ya kiti. Mama yake alikuwa kando ya mlango, mikono mfukoni. Boróka naye akaitia yake mfukoni. Dirisha lilikuwa limefunikwa.

"Marci, sauti mbili zinakuja," Dada Hajnalka alisema. "Niambie ipi iko juu."

Mtoto alisikiliza. Akamtazama daktari usoni. Akamtazama mama yake, kisha Boróka, akitafuta kwenye nyuso zao kitu cha kusoma, na Boróka aliujua utafutaji ule kama anavyojua mkono wake. Aliuzuia uso wake usiseme lolote. Ilikuwa kazi ngumu, maana alitamani kumsaidia.

"Sijui," Marci alisema kwa sauti ndogo, na akainamisha kichwa kama aliyevunja kikombe.

Dada Hajnalka akainuka, akachuchumaa mbele ya kiti ili mtoto aione midomo yake.

"Asante, Marci. Hilo ni jibu zuri sana. Mtu akiniambia 'ndiyo' ili anifurahishe, ananiacha gizani. Akiniambia 'sijui' ya kweli, ananionyesha pa kutengeneza. Babu mmoja alifundishwa hivyo na msichana, akiwa karibu na mwisho wake, na aliniambia alishukuru kwamba hakuondoka bila kujua." Akamgeukia Boróka. "Si ndiyo?"

Boróka alitaka kuitikia kwa kichwa. Badala yake alisema, "Ndiyo, Dada."

Karibu na mlango, yule mama alitoa mkono mmoja mfukoni, akauweka begani mwa Boróka, akauacha hapo.